Nguo ya siku moja, deni la muhula mzima

Leo nataka tuongee jambo ambalo wengi wanaliona dogo, na pengine ndiyo maana halizungumzwi kwenye mikutano yetu: pesa ya nguo za konsati. Zile nguo ambazo shule inamwambia mzazi alete ili mtoto acheze ngoma, aimbe au aigize mbele ya wageni. Vitabuni wanaziita maleba. Huku mtaani tunasema tu nguo za mchezo.

Msimamo wangu nausema mapema. Ngoma na maigizo shuleni viendelee, tena viongezeke. Lakini nguo zake zisiwe mzigo wa mzazi mmoja mmoja. Ziwe mali ya shule, na mashirika yanayowalipia watoto wetu karo yaziweke kwenye bajeti. Mzazi aombwe mtoto, asiombwe sketi ya majani.

Kwa wale ambao hawana mtoto wala mdogo shuleni, niwaeleze inavyokuwa. Hapa Uganda mwaka wa shule una mihula mitatu. Katikati ya mwaka kuna mashindano ya muziki, ngoma na maigizo kati ya shule na shule. Mwisho wa mwaka kuna konsati za kufunga, pamoja na mahafali ya nasari, pale mtoto wa miaka 5 au 6 anavalishwa joho na kofia kama ametoka Makerere. Vyote vinapendeza, na vyote vina nguo yake.

Mimi najitolea kutafsiri kwenye mikutano ya wazazi. Wazazi wetu wengi wa Kongo na Burundi walisoma kwa Kifaransa, na wengine hawakupata nafasi ya kusoma. Barua ya shule inakuja kwa Kiingereza. Basi mama anafika na karatasi ameifunga kwenye pindo la kitenge, ananiambia, “Mwanangu, nisomee. Wanataka nini tena?”

Hilo neno “tena” ndilo mada yangu ya leo.

Safari moja walitaka hivi: fulana nyeupe, sketi nyeusi, soksi nyeupe ndefu, yadi mbili za kitenge cha rangi ambayo mwalimu ameshaichagua, na pesa ya kukodi vazi la ngoma. Vyote vifike Ijumaa. Karatasi ilitoka Jumanne.

Tufanye hesabu ya mfano, kila mmoja aweke bei za mtaa wake. Tuseme fulana ya mtumba pale Owino ni shilingi 5,000, sketi 10,000, soksi 3,000, kitenge 15,000 na kukodi vazi 15,000. Hapo ni 48,000. Ongeza picha na nauli ya siku yenyewe, tuseme 12,000. Jumla 60,000 kwa mtoto mmoja. Mwenye watoto watatu shule moja anatafuta 180,000 ndani ya siku tatu. Kwa familia nyingi ninazozijua, hiyo inakaribia kodi ya mwezi mzima ya muzigo, kile chumba kimoja tunacholala watu sita.

Sasa huyo mama anaitoa wapi? Wamama wengi wa Kikongo hapa Kampala wanatembeza vitenge, heleni na mikufu mlango kwa mlango. Siku nzuri anarudi na pesa ya unga, makaa na mboga. Siku mbaya askari wa jiji wanamkimbiza na bidhaa inabaki kwao. Na hapa mjini hakuna mgao wa chakula. Mkimbizi akiishi Kampala anahesabiwa kwamba anajitegemea. Mgao uko kambini, na hata huko Nakivale na Kyangwali umekatwa mara nyingi miaka hii.

Kuna kitu kimoja huwa kinaniuma zaidi. Nimeona mama anayeuza vitenge, kichwani amebeba vitenge, anaenda kununua kitenge kwa mwenzake, kwa sababu rangi ambayo mwalimu anataka yeye hana. Na kitenge kinauzwa kwa pisi ya yadi 6. Ukitaka ukatiwe yadi mbili tu, muuzaji anakupandishia bei, tena anakukatia kwa kinyongo.

Najua kuna atakayesema, “Hata Mganda maskini analipa, kwa nini mkimbizi alalamike?” Ni kweli, jirani yangu Mganda naye analia na barua hizohizo, na ninayoandika hapa yanamhusu na yeye. Ila kuna tofauti moja. Nguo za ngoma ni kitu cha ukoo. Mganda akiambiwa mtoto aje na gomesi au kanzu, anapiga simu kijijini Masaka, shangazi anafungua sanduku, nguo inapandishwa kwenye teksi, jioni iko Kampala. Sanduku la bibi yetu sisi lilibaki Rutshuru, au Masisi, au Uvira. Wengine liliungua na nyumba. Sisi hatuna wa kumpigia simu. Kila kitu tunanunua upya, kwa bei ya duka, tena ya haraka.

Pesa ikikosekana, mtoto hafukuzwi. Anahamishwa tu. Amefanya mazoezi wiki nne, nyimbo zote anazijua, lakini wiki ya mwisho nafasi yake anapewa mwenye nguo. Yeye anaambiwa atasaidia kupanga viti. Au mama anaamua mapema kumbakisha nyumbani ili asione wenzake wamevaa.

Mama mmoja aliwahi kuniomba nikamwambie mwalimu kwamba binti yake ana malaria. Binti mwenyewe alikuwa amekaa mlangoni, mzima, anaimba kwa sauti ya chini wimbo wa konsati. Nikamwambia, “Mama, twende pamoja tumweleze mwalimu ukweli, ataelewa.” Akakataa. Akasema, “Afazali waseme mtoto ni mugonjwa, kuliko waseme mama yake hana.”

Mimi sikuwa na la kumjibu. Mtu amekimbia vita, amevuka mpaka Bunagana na watoto mgongoni, amelala chini siku ngapi, na bado kinachomtisha ni soksi nyeupe. Msimcheke. Heshima ndicho kitu pekee alichovuka nacho kikiwa kizima.

Wengine watasema, basi tuondoe hizi konsati, watoto wasome hesabu. Hapana. Hapo nakataa kabisa, na nitaeleza kwa nini.

Mtoto mkimbizi akifika Kampala, mara nyingi anarudishwa madarasa ya chini kwa sababu ya lugha. Ana miaka 11, anakaa na wa miaka 7. Akifungua mdomo wanamcheka. Kiingereza hana, Kiluganda hana. Lakini kwenye ngoma hakuna anayemuuliza alitoka wapi. Mguu hauna lafudhi. Anayejua kucheza anajulikana siku ya kwanza, na wenzake wanaanza kumuita kwa jina lake badala ya kumuita “yule Mkongo”. Nimeona watoto waliojifunza Kiluganda kwa nyimbo kabla hawajakijua kwa maneno. Kwa hiyo mtoto akikosa jukwaa kwa ajili ya nguo, amekosa mahali ambapo angekuwa sawa na wengine bila mtu kumhurumia.

Tena hizi nguo zenyewe zina hadithi ambayo wengi hatuifahamu. Gomesi, vazi tunaloambiwa ni la asili ya Buganda, halikuwepo tangu zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20 fundi cherehani wa asili ya Goa, jina lake Gomes, aliwashonea wasichana wa shule ya Gayaza, na jina la vazi likatoka kwake. Yaani vazi la heshima la nchi hii lilishonwa na mgeni, na lilianza kama nguo ya shule! Kwa hiyo binti wa Bukavu akivaa gomesi akacheza bakisimba, hajavamia kitu cha watu. Amefanya kama historia yenyewe ilivyofanya. Kinachobaki ni swali la nani analipa.

Sheria zinasemaje? Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inasema mkimbizi kwenye elimu ya msingi atendewe sawa na raia. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inakataza kutoza pesa ya elimu kwenye shule zilizo katika mpango wa serikali wa elimu ya bure, mpango ulioanza mwaka 1997 kwa shule za msingi. Inaruhusu michango ya hiari ya wazazi kwa jambo la dharura, lakini mtoto asizuiwe kuhudhuria kwa sababu mzazi hakuchanga. Hiyo ni nzuri kwenye karatasi. Ila hapa Kampala shule za serikali ni chache, watoto wetu wengi wako shule za watu binafsi, na huko sheria hiyo ya kutotoza haifiki. Na hata panapofika, hakuna anayeandika “lazima”. Wanaandika “wazazi mnaombwa”. Ombi linalotangazwa mbele ya darasa zima, na majina ya ambao hawajaleta yakasomwa, hilo halina hiari ndani yake.

Sisi Wakongo mchezo huu tunaujua vizuri. Miaka na miaka wazazi wa kwetu ndio walikuwa wanalipa mshahara wa mwalimu kwa jina la “prime”, mpaka serikali ilipotangaza elimu ya msingi ya bure mwaka 2019. Ilianza kama msaada mdogo wa muda wakati mishahara haiji. Ikawa kawaida. Ikawa sharti. Mtoto asiyeleta anarudishwa nyumbani. Mchango mdogo usipowekewa mpaka, unakua kama mtoto mwingine yeyote: unakula kila siku.

Niwe mkweli kwa walimu pia. Wengi ninaowafahamu si watu wabaya. Wanapata mshahara mdogo, na mwenye shule anataka konsati ipendeze, kwa sababu konsati ndiyo tangazo la shule. Wazazi wapya wanaleta watoto kutokana na video waliyoiona kwenye simu. Kwenye mashindano nako majaji wanatazama mavazi pamoja na uchezaji. Kwa hiyo mwalimu anabanwa juu, naye anambana mzazi chini. Na sisi wazazi na makaka tunachangia: tunapiga picha, tunaweka status, halafu tunalalamika. Tusijifanye hatupendi mapambo. Tunapenda. Swali ni kama kupendeza huko lazima kununuliwe upya kila mwaka, na kila nyumba peke yake.

Na sanaa yenyewe haidai hivyo. Mwaka 1965 pale Makerere kulianzishwa kikundi cha maigizo kilichosafiri na kuonyesha michezo bure, mijini na vijijini. Hawakusubiri ukumbi wala jukwaa la maana. Watu walikuja, wakacheka, wakalia, wakaelewa. Mfalme anaweza kuwa mfalme kwa kitambaa kimoja begani kama mchezaji anajua kutembea kifalme. Waliokulia kambini mnalijua hili: tumeigiza askari kwa fimbo, daktari kwa kamba ya plastiki shingoni, na watu wazima walitokwa machozi.

Sasa nisije nikaishia kulalamika. Haya ndiyo ninayopendekeza.

Kwanza kwa shule. Nguo zinunuliwe na shule, ziandikwe kwenye daftari la mali kama madawati, zifuliwe, zifungiwe sandukuni na zitumike tena mwaka ujao. Hebu turudi kwenye kitenge. Pisi ya yadi 6 inatosha watoto wadogo wanne, yadi moja na nusu kila mmoja. Pisi 5 zinavalisha watoto 20. Mtu mmoja akienda Kiyembe kununua pisi 5 pamoja atapunguziwa. Wazazi 20 wakienda kila mtu na njia yake, kila mmoja atalipa zaidi, pamoja na nauli 20. Na kama kweli kuna kitu mzazi lazima alete, basi kitangazwe wiki ya kwanza ya muhula, pamoja na karo, kisiletwe siku tatu kabla. Majina ya ambao hawajaleta yasisomwe darasani. Hilo la mwisho halihitaji hata shilingi moja.

Pili kwa mashirika. Ndugu zangu, mnafanya kazi kubwa, na kuna watoto wanasoma kwa sababu yenu. Lakini ufadhili wenu mara nyingi unalipa karo, yunifomu na madaftari, halafu mnafunga faili. Yanayobaki mnayaita matumizi madogo. Madogo kwenu. Kwa mama wa muzigo ndiyo yanayomrudisha kwa mkopeshaji wa mtaani. Kabla ya kusaini na shule, ombeni orodha ya gharama zote za mwaka mzima, konsati na mahafali zikiwemo. Ikishaandikwa, shule itaona aibu kuongeza nyingine njiani.

Tena msimnunulie nguo mtoto mkimbizi peke yake. Nunueni sanduku la shule. Uganda ina utaratibu unaojulikana, kwamba katika msaada unaokuja kwa wakimbizi, asilimia 30 iwafikie wenyeji. Sanduku la nguo za ngoma ni mfano rahisi wa utaratibu huo: Mkongo, Msomali, Msudani Kusini na Mganda wanavaa kutoka sanduku moja, na hakuna anayemwambia mwenzake “nyinyi mnaletewa kila kitu”. Maneno hayo tumeyasikia vya kutosha.

Tatu kwetu sisi vijana. Kuna mambo hayahitaji mradi wala mfadhili. Makanisa yetu yana kwaya, na kwaya zinabadilisha sare karibu kila mwaka. Sare za zamani ziko wapi? Ziko kwenye mifuko chini ya vitanda. Magauni ya wasimamizi wa harusi pia yamevaliwa mara moja tu. Tuyakusanye. Halafu kuna dada na kaka zetu wanaojifunza ushonaji kwenye mashirika kama YARID na mengine. Fundi anayejifunza anashona gauni la mazoezi, mwalimu anakagua, linafumuliwa. Kwa nini gauni hilo la mazoezi lisiwe la mtoto wa P.2 anayetaka kucheza? Mwanafunzi wa cherehani anapata kazi halisi ya kuonyesha, na shule inapata nguo.

Nne kwa wazazi, na hapa naongea kwa heshima kwa sababu nyinyi ni wakubwa wangu. Msinyamaze. Mkutano wa wazazi si wa kusikiliza tu. Tutafsiri wenu tupo, tutasimama nanyi. Mzazi mmoja akisema “sina” ni aibu yake. Wazazi 15 wakisema “barua imechelewa na bei ni kubwa” ni hoja, na mwenye shule ataisikiliza kwa sababu hao 15 ndio wateja wake. Wamama wa Kiganda wanaoteseka na barua hizo wako tayari, wameshaniambia wenyewe. Wanasubiri mtu wa kuanza.

Kuna swali moja najua litakuja: je, tukiwapa nguo bure, wazazi hawatazoea kupewa? Jibu langu ni fupi. Mzazi huyu analipa kodi, anatafuta chakula, anaamka saa kumi na moja kutembeza bidhaa. Hajawahi kuacha kujitegemea hata siku moja. Kumpunguzia kitu ambacho hakuwa na sababu ya kulipa hakumfanyi mvivu. Kutamwachia elfu kadhaa za kununua madaftari, ambayo mtoto atayatumia zaidi ya siku moja.

Muhula wa tatu hauko mbali, na barua zitaanza kutoka. Naomba kila anayesoma hapa afanye kitu kimoja kati ya hivi wiki hii: aulize shule ya mdogo wake itataka nguo gani na lini, au aulize kwaya yake sare za zamani ziko wapi, au kama anafanya kazi shirika, afungue fomu ya ufadhili aone kama mstari wa shughuli za shule upo. Kama haupo, auombe uwekwe kabla bajeti haijafungwa. Andikeni hapa chini mlichopata, hata kama ni soksi pea mbili. Mimi nitaandika orodha, na sanduku la kwanza tulifungue kabla ya Oktoba.